Wiki ya tatu darasa la kwanza na bado analia getini: nimtoe woga vipi?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka sita na ameanza darasa la kwanza Januari hii. Alikuwa analelewa na bibi yake Kibosho tangu akiwa na miaka miwili, nikamleta hapa Pasua mwezi wa Desemba ili asome mjini. Hakupita awali. Wiki ya tatu sasa, kila asubuhi anasema tumbo linamuuma, uji anautapika, na tukifika getini ananing'ang'ania gauni analia. Dawa ya minyoo ameshapewa. Jirani anataka nimpeleke kwa mzee anayewatoa watoto woga, baba yake anasema kiboko kitamtosha, na mtu mwingine kaniambia niwe namtoroka akigeuka. Wiki iliyopita nilimpumzisha siku mbili, Jumatatu ikawa mbaya kuliko zote. Nifanye nini woga umtoke aweze kusoma? – Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Mama, umeniuliza ufanye nini woga umtoke ndipo asome. Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotelea, wa Pasua na Kiboriloni hapa Moshi sawa na wa Ngarenaro na Sakina kule Arusha. Mnataka woga utangulie kutoka, shule ifuate. Haiwi hivyo. Mtoto huingia darasani akiwa bado anaogopa, anakaa, muda unapita bila baya lolote kumpata, na woga unashuka akiwa humohumo ndani. Kesho yake ataogopa tena, ila utashuka mapema kidogo. Akiwa nyumbani hauwezi kushuka, kwa sababu kinachoushusha kiko darasani. Kwa hiyo siku aliyoingia huku machozi yanamtoka, siku hiyo mwanao alikuwa jasiri, na anastahili kuambiwa hivyo.

Ndiyo maana Jumatatu ile ilikuwa mbaya. Ulipomwambia leo baki, nina hakika tumbo lilitulia kabla hujamaliza kuosha vyombo. Nafuu ya namna hiyo ni tamu mno kwa mtoto, na mwili wake umeshika somo: nikiumwa, shule inaahirishwa. Usidhani anakudanganya. Maumivu ni ya kweli. Mtu akiwa na hofu, mwili hujiandaa kukimbia. Damu inapelekwa kwenye misuli, tumbo linapunguza kazi yake, na uji uliokunywewa kwa haraka unakaa pale pale hadi unarudi. Basi shughulikia asubuhi yenyewe. Alale saa 2 usiku ili akiamka saa 12 awe ametimiza saa 10. Umri wake unahitaji kati ya saa 9 na 12. Mpe nusu kikombe cha uji mwepesi dakika 45 kabla ya kutoka, usimlazimishe kumaliza, na mfungie kitu cha kula mapumziko.

Minyoo iacheni. Ameshapewa dawa, inatosha kwa sasa, msirudie kila anapolalamika. Angalia Jumamosi na Jumapili: kama tumbo haliumi siku hizo, jibu umelipata. Kama maumivu yanamwamsha usiku, yana homa au kuharisha, yanakaa upande wa chini kulia, anaumwa akikojoa au anapungua uzito, hapo ni hospitali, na isiwe ya kungoja.

Sasa mwanao hasa. Wengi wanaliona geti tu, lakini huyu mtoto ameachana na watu wawili ndani ya miezi miwili. Amemwacha bibi, aliyemlea miaka minne, na kabla hajakuzoea wewe vizuri anakuacha na wewe kila asubuhi. Hajapita awali, kwa hiyo hajawahi kuona mama wa mtu akiondoka na kurudi. Mpigieni bibi simu kila jioni baada ya kula, dakika chache tu, asubuhi msimpigie kabisa. Omba kipande cha kanga yake ya zamani, ukubwa wa leso, akiweke mfukoni mwa kaptula. Na tafadhali, asiambiwe "bibi atakuja ukiacha kulia". Mtoto hawezi kuacha kulia kwa kuamua, na bibi asipokuja atajihesabu yeye ndiye mkosaji.

Kisha tafuteni anachokiogopa chenyewe. "Shule" ni neno kubwa. Kwa watoto wa darasa la kwanza kilicho ndani ya neno hilo mara nyingi ni choo. Tundu ni kubwa, kuna giza, kuna wakubwa wa darasa la saba mlangoni, na kifungo cha kaptula mpya ni kigumu hakifunguki. Mtoto anabana mkojo kuanzia asubuhi, anajikojolea, anachekwa, na tangu siku hiyo tumbo linauma. Jumamosi hii omba ruhusa uingie naye shuleni kukiwa kimya. Nendeni chooni, aingie ukiwa mlangoni, afungue na kufunga kaptula mwenyewe mara kadhaa. Kifungo kikimshinda, weka mpira kiunoni. Mwonyeshe bomba, mahali pa kupanga mstari, mahali uji unapogawiwa. Akae kwenye dawati lake. Mfundishe majina yake matatu kama yalivyo kwenye daftari la mahudhurio, kwa sababu mtoto aliyezoea kuitwa jina la nyumbani akisikia jina asilolijua hanyanyuki, na watu wanamwona mjinga. Na kwa kuwa amekulia Kibosho kwa bibi, hakikisha maneno ya shida anayo kwa Kiswahili na yanamtoka kwa sauti: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." "Mwalimu, naumwa." "Mwalimu, amenichukulia penseli." Mjizoeze jikoni, wewe ukiwa mwalimu.

Getini fanya hivi, na ufanye vilevile kila siku. Kabla hamjafika, mwambie nani atamchukua na lini, kwa mambo anayoyaona, maana saa haijui: "Mkishakunywa uji na kengele ya mwisho ikilia, nitakuwa chini ya mti huu." Mkabidhi kwa mtu mmoja anayejulikana, mwalimu wake au mwenzake wa dawati anayekaa karibu nanyi. Mkumbatie mara moja, sema kwaheri akiwa anakuangalia, ondoka. Yote yasizidi dakika moja. Usirudi kuchungulia dirishani. Mzazi anayerudi mara ya pili amemfundisha mtoto kwamba kulia kwa nguvu zaidi humrudisha mama. Siku tatu au nne za kwanza mfikishe mlango wa darasa. Akiingia kwa utulivu kiasi siku tatu mfululizo, ishia kwenye mstari, kisha getini, kisha aje na watoto wa jirani. Badilisha hatua moja kwa wakati, na usianze hatua mpya Jumatatu, kwa sababu kila Jumatatu ni ngumu na siku ya kwanza baada ya likizo ni ngumu zaidi. Ukiahidi mti, uwe chini ya mti kabla ya kengele. Kuchelewa dakika kumi wiki hizi kunabomoa kazi ya siku tano.

Jioni usimuulize kama amelia. Muulize amekaa na nani, nani kaandika vizuri, uji ulikuwaje. Msifie kitu alichokifanya: "Uliogopa, na ukaingia." Pipi na soda za getini acheni. Mtoto akilipwa ili anyamaze, kesho atadai zaidi.

Kuhusu kumtoroka. Ushauri huu unatolewa na watu wazima wenye nia njema, wakiwemo walimu waliochoka na madarasa yenye watoto themanini, na ndio unaonikera kuliko yote. Ndiyo, unafanya kazi kwa dakika tano: mtoto kageuka kuangalia kifaa cha kuchezea, mama kayeyuka, geti kimya. Halafu anageuka. Alichojifunza ni kwamba ukimwacha mama machoni, mama hupotea. Kuanzia hapo hatageuka tena. Atakufuata hadi bafuni, usiku ataamka kukupapasa kama upo, na darasani atakuwa analinda mlango badala ya kuangalia ubao. Mwalimu anafundisha irabu, yeye yuko zamu. Baada ya mwezi anaambiwa ni mzito wa kujifunza, wakati hajawahi kupata nafasi ya kusikiliza. Kilio cha kwaheri ya wazi kina sauti kubwa lakini ni kifupi. Mtoto aliyetorokwa hukaa na hofu yake mchana kutwa bila mtu kujua.

Baba naye namjibu kwa heshima. Kiboko kitamnyamazisha, sikatai. Atakuwa na hofu mbili badala ya moja, na ile ya shule ataificha, asikwambie hata siku atakapofanyiwa jambo baya huko. Hata kanuni za serikali za adhabu ya viboko shuleni zinataka kosa liwe kubwa, viboko visizidi 4, mkuu wa shule aidhinishe na iandikwe kwenye kitabu. Kulia getini si kosa la nidhamu. Kazi ya baba wiki hizi ni moja, na ni kubwa: kama wewe unashindwa kuondoka bila machozi, yeye ndiye ampeleke. Watoto wengi hulia kidogo wakipelekwa na yule ambaye uso wake haujakunjamana.

Na huyo mzee wa kutoa woga, wewe na wote mnaosoma hapa, sikilizeni. Januari ni msimu wao. Wapo wa hirizi, wapo wa chale, wapo wa chupa zisizo na lebo zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp kama "dawa ya kuchangamsha mtoto". Chale kwa wembe uliopita kwa watoto wengine ni njia ya kuingiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Chupa huwezi kujua ina nini. Wengine wanajitengenezea tiba nyumbani: dawa ya mafua inayoleta usingizi, kijiko kimoja asubuhi ili atulie. Mtoto huyo anakaa darasani akisinzia, na dozi ikizidi mapigo ya moyo yanakwenda mbio au anapata degedege. Wakati mwingine mtoto huacha kulia wiki ile ile aliyopelekwa kwa mzee, na sifa zikaenda kwa mzee. Watoto wengi huacha kulia ndani ya wiki chache kwa sababu wamekuwa wakiingia darasani kila siku. Mzee amelipwa kwa kazi ya mwalimu.

Wapo pia wanaouza bweni: mpeleke akakomae, mwezi mmoja tu utamsahau alivyokuwa. Mwezi Machi 2023 serikali ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na bado kuna wazazi wanaulizia pembeni wapi wanapokea kimyakimya. Mtoto wa miaka sita bwenini huacha kulia pale anapoona hakuna anayekuja. Msiite hiyo kukomaa.

Kwako mama, hesabu wiki nne za kuhudhuria mfululizo kuanzia Jumatatu ijayo, bila siku ya kupumzika isipokuwa kwa homa au ugonjwa unaoonekana. Andika kila siku alilia muda gani baada ya wewe kuondoka, mwalimu atakwambia. Dakika zikipungua, hata kwa kuyumbayumba, endelea. Zisipopungua kabisa, nenda hospitali ya Mawenzi, na ndugu zangu wa Arusha nendeni hospitali ya Mount Meru, muonane na daktari wa watoto, mkiwa na hiyo karatasi mkononi.

Lakini mtoto aliyekuwa anakwenda shule vizuri, kisha ghafla akagoma, asiwekwe kwenye fungu hili. Huyo hana woga wa kuanza shule. Kuna mtu au jambo. Mkague mwili akiwa anaoga, muulize kwa upole nani anamsumbua njiani, chooni, kwenye gari la shule, na usimrudishe mikononi mwa anayemtaja. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na kila kituo kikubwa cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto.