Jibu: Siku mbili za Amritsar

Ndugu, umeuliza kama siku mbili zinatosha kuitembelea Amritsar, mji mtakatifu wa Masingasinga (Sikh) huko Punjab, India. Zinatosha, ila jioni nzima uitenge kwa Harmandir Sahib, hekalu lao kuu, ambalo mtawala wa Punjab Maharaja Ranjit Singh alilipamba kwa dhahabu: utavua viatu, utafunika kichwa, utapitisha miguu kwenye maji mlangoni, kisha utaketi sakafuni pamoja na watu wa kila hali na kula dengu bila malipo, chapati ukiipokea kwa viganja viwili (aliyewahi kusimama kwenye hekalu la Masingasinga la Makindu njiani kwenda Mombasa anaijua desturi hiyo). Bustani ya Jallianwala Bagh, ambako Dyer, afisa wa jeshi la kikoloni la Uingereza, aliamuru askari wawafyatulie risasi raia tarehe 13 Aprili 1919, iko karibu, na alama za risasi zingalipo ukutani. Gwaride la Wagah, mpakani mwa India na Pakistan, naliona lina kelele kuliko maana. Ukipata siku ya tatu, nenda Anandpur Sahib, ilikoanzishwa Khalsa, jumuiya ya Masingasinga waliokula kiapo cha dini, mwaka 1699.