Biri haibonyezwi kama embe

Vijana wa kaunta, Wataliano wameanza kurudi Malindi na makosa ya msimu uliopita yamerudi nao. Mgeni anaulizia biri, ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa, ya bei nafuu, nanyi mnaibana kwa kiganja kizima kama mnachagua ngowe sokoni, kisha mnamwambia, "Freshi kabisa, bosi." Freshi ni samaki.

1. Anzeni mguuni, upande unaowashwa. Majani yaliyokunjwa kwa urefu yanaonekana kama karatasi iliyofinyangwa. Tumbaku ya kukatwakatwa inaonekana kama majani ya chai. Ya kukatwa si lazima iwe mbovu, mradi mgeni aambiwe kwamba majivu yake yatadondoka mapema, hayatashika sentimita mbili kama ya mwenzake. Ubovu ni vumbi na vijiti kuuzwa kwa bei ya majani marefu.

2. Vidole viwili tu, taratibu, toka mguuni hadi kichwani, upande wa mdomo, huku mkiizungusha. Penye ulaini tumbaku imepungua: patawaka mbio na moshi utaunguza ulimi. Penye fundo moshi hautapita, na mgeni atavuta hadi mashavu yabonyee.

3. Weusi wa jani la nje si ubora. Sugueni kwa tishu yenye maji: rangi kidogo ni kawaida, lakini tishu ikitoka kama imechovywa kwenye kahawa, jani limepakwa rangi. Harufu ya banda la kuku ni amonia, yaani tumbaku haijamaliza kuchachuka. Wekeni kando miezi kadhaa.

4. Sasa Toscano, biri ya Kitaliano, na hapa hakuna mkongwe wa kaunta atakayejitia usafi, kwa sababu sote tumelifanya kosa hili. Inafika ngumu, kavu, imejaa mishipa, nene katikati na nyembamba ncha zote mbili, inanuka kama nyama ya kukaushwa motoni. Tunaigonga mezani, inalia kama kijiti. Tunahukumu: imekauka, maskini. Kisha kwa huruma tunaitia kwenye sanduku la unyevu pamoja na biri nyingine. Jamani! Ile imezaliwa kavu. Tumbaku yake ni ya aina ya Kentucky, hukaushwa kwa moshi wa kuni, na haihitaji sanduku la unyevu hata siku moja. Husimuliwa kwamba ilianza Florence mwaka 1815, mvua iliponyeshea mapipa ya tumbaku ikachachuka, basi wakasokota biri za bei rahisi ili wasipate hasara. Mvua ya Florence ilifuatwa na kukaushwa. Unyevu wetu haufuatwi na kitu. Ndani ya sanduku Toscano inalainika, inaota ukungu, ukiiwasha inazima kila dakika. Hasara ya pili ndiyo inayouma zaidi: harufu yake ya moshi inahamia kwa majirani, na biri laini zote za sanduku zima zinaonja kama jiko la kuni. Hapo hakuna dawa. Mtaliano akivuta mara moja anairudisha bila neno, na ule mtazamo wake unatosha. Wekeni Toscano kwenye kopo lake, mbali. Akitaka nusu, kateni katikati, awashe upande mnene. Kichwa hakikatwi.

5. Kwa zile nyingine, unyevu ni asilimia 65 hadi 70. Hewa yetu ya pwani mara nyingi inapita hapo, hasa wakati wa kusi, na bado kuna mtu anaongeza maji kwenye sifongo! Kazi ya sanduku hapa ni kuzuia. Kipimo chenu cha unyevu kipimeni kwanza: kifuniko cha chupa chenye chumvi ya Gongoni iliyoloweshwa hadi iwe uji mzito, vifungieni pamoja kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 24. Kisome 75. Kikisoma 69, kinadanganya kwa 6.

6. Vitundu kama vya pini ni mdudu wa tumbaku. Mayai huja ndani ya jani na joto letu huyaangua. Mzigo mpya: mifuko miwili, friza siku tatu, friji siku moja, kisha nje. Mkiutoa friza moja kwa moja kwenye joto, majani ya nje yanapasuka.

7. Kukata biri zisizo Toscano ni milimita mbili za kofia, kile kijani kinachofunika kichwa, si zaidi, la sivyo jani linafunguka. Kabla ya kuwasha, mgeni avute hewa tupu kupitia biri. Ikigoma, badilisheni hapo hapo. Aliye chini ya miaka 18 hauziwi, hata akisema anamnunulia baba.

8. Kila mzigo mpya wa bei rahisi, toeni biri moja mhanga, ipasueni kwa wembe kutoka kichwani hadi mguuni, mkunjue kila jani juu ya gazeti. Zile zilizoonyesha majani marefu mguuni, wakati mwingine katikati zina vijiti vinene kama vya kiberiti. Mzigo huo hauendi kabatini. Unarudi kwa aliyeuleta, pamoja na gazeti lake.