Oili iliyobaki kwenye IST, na klachi ya bodaboda inayoteleza

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota IST ya cc 1500 na pikipiki ya cc 150 ambayo kijana anapiga nayo bodaboda na kuniletea hesabu. Gari tunaliwekea oili ya 5W-30. Nanunua kidumu cha lita 5, na kinachobaki tunakitia kwenye pikipiki kisikae bure. Sasa kijana analalamika kwamba akipanda mlima injini inalia lakini pikipiki haiendi. Fundi wa gari naye ananishauri niache 5W-30 nihamie 20W-50, eti gari limezeeka na Morogoro ni joto. Tunakosea wapi? Na oili imwagwe kila baada ya kilomita ngapi? Mmoja anasema 3,000, mwingine 5,000, mwingine 10,000. Gari linatembea kama kilomita 400 kwa mwezi, la sokoni na kupeleka watoto shule. Pikipiki inapiga 120 kwa siku. Mwisho, kaka yangu ana kwodi mbili (pikipiki za magurudumu manne) za kukodisha watalii Nungwi, Zanzibar, naye anauliza hayohayo. (Mama wa Kihonda, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, tuanze na pikipiki, maana ndiyo inayoumia sasa hivi.

Kwenye IST, oili ya injini inahudumia injini tu. Giaboksi ina oili yake. Pikipiki yako haikubahatika hivyo. Lita moja ileile inalainisha pistoni na krenki, inalainisha gia, na klachi nzima imeloa ndani yake. Klachi hiyo ni sahani kadhaa zinazobanwa pamoja na springi, na kazi yake yote inategemea sahani kushikana. Oili nyingi za kisasa za gari, hasa hizi nyepesi, hutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo. Kinacholifaa gari hapo ndicho kinachoiua klachi: sahani zinateleza, injini inalia, tairi halipati nguvu. Ndicho anachokisikia kijana wako mlimani.

Sisemi kila oili ya gari itatelezesha klachi. Wapo wanaotumia 15W-40 ya dizeli kwenye pikipiki miaka nenda miaka rudi bila kulalamika. Lakini huo ni mchezo wa bahati, na wewe umeshaupoteza.

Kabla hujatoa hela, kwanza mwambie apime wenzo wa klachi. Ncha ya wenzo icheze milimita 10 hadi 20 kabla klachi haijaanza kuachia. Ikiwa waya umevutwa mno hadi hakuna mchezo, klachi itateleza hata ukiweka oili ya dhahabu. Waya ukiwa sawa, mwageni oili iliyomo ingali ya moto ili itoke yote, wekeni ya pikipiki, atembee nayo kilomita 300 hivi, kisha mwageni tena. Sahani zikiwa hazijaungua, mara nyingi hurudi kushika. Zikiwa zimeungua, utaisikia harufu yake ukifungua kifuniko cha klachi, na hapo hakuna oili ya kukusaidia, ni kununua sahani mpya.

Oili ya pikipiki utaijuaje dukani? Usitazame picha ya pikipiki kwenye chupa; picha yeyote anaweza kuibandika. Geuza chupa nyuma utafute maandishi JASO MA au MA2. JASO ni viwango vya Wajapani, na hiki cha pikipiki walikitoa mwaka 1998 baada ya oili za gari kuanza kuwa telezi kwa namna hii. MA maana yake klachi iliyoloa itashika, na MA2 inashika zaidi. Ukikuta MB, iache: hiyo ni ya skuta ambazo klachi yao haikai ndani ya oili. Uzito fuata kitabu cha pikipiki. Pikipiki nyingi za Kihindi za umbo hili huandikiwa 20W-50, nyingi za Honda huandikiwa 10W-30. Injini inayopozwa kwa upepo, ikiwa na abiria wawili na gunia, inachemka kweli, na 5W-30 yako humo inabaki nyepesi kuliko mtengenezaji alivyokusudia.

Sasa gari, ambapo fundi wako kachukua dawa ya pikipiki akampa mgonjwa mwingine. Namba hizi watu wanazisoma vibaya. W ni ya neno la Kiingereza winter, yaani majira ya baridi, na namba inayoitangulia inapima oili inavyofanya kazi kwenye baridi kali. 20W hupimwa kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, 5W kwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Morogoro hatutafika huko. Namba ya pili inapima uzito wa oili kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa imeshachemka. Kwa hiyo 30 na 50 zote mbili zimepimwa zikiwa za moto, na injini ya IST hupozwa kwa maji na thamostati hadi joto lilelile la karibu nyuzi 90, iwe iko Sapporo kwenye theluji ya Japani au Msamvu. Joto la nje si hoja kubwa kama fundi anavyodhani.

Hoja iko asubuhi unapowasha. Oili ya 20W-50 ikiwa imepoa, hata kwa baridi yetu hii ya sweta, ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko 5W-30, na inachelewa kupanda juu. Injini yako ni 1NZ-FE. Ina mfumo wa VVT-i, ambao hugeuza kamshafti kwa presha ya oili kupitia njia nyembamba na chujio dogo. Imeundwa kwa oili nyepesi. Baki na 5W-30. Ningekubali 10W-40 kama gari linakula oili, tuseme unaongeza nusu lita au zaidi kati ya kumwaga na kumwaga, na umehakikisha halivuji. Uzee peke yake si sababu.

Kwenye kidumu tafuta duara la API, kiwango cha Wamarekani. Herufi ya S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli, na inayofuata inaeleza kizazi: SL ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020. Kadiri herufi inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo bora, na SP imepimwa pia kwa kulinda cheni ya taimingi, ambayo injini yako inayo. SN inakutosha, SP ikipatikana usiiache. Ukikuta kidumu cha bei chee kimeandikwa SA au SB, kirudishe rafuni: SA ni ya injini za kabla ya 1930. Bado ziko madukani, wala si feki, ndiyo maana zinadanganya.

Kuhusu kilomita, nikikujibu kwa namba moja nitakuwa nimekosea kama wale watatu. Toyota kule Japani huandikia injini za petroli zisizo na tabo (turbo) kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu nusu yake: 7,500 au miezi sita. Wewe unaona matumizi yako ni laini, sokoni na shule tu. Kwa oili ndiyo magumu hasa. Injini inayozimwa kabla haijachemka vizuri inabakiza mvuke wa maji na petroli ndani ya oili, na havipati muda wa kukauka. Nimeshafungua 1NZ iliyotembea kidogo kuliko ya kwako, ya mtu mtaratibu kabisa, nikakuta tope jeusi limeganda juu ya kamshafti kama lami ya barabarani. Hakuwahi kupitisha kilomita 5,000, ila zilimchukua miaka miwili.

Kwa hiyo gari lako lihesabie miezi. Kila miezi sita mwaga na ubadili filta, ingawa utakuwa umetembea kilomita 2,400 tu. Ukianza safari za Dar kila wiki, tumia kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Usihukumu kwa weusi: oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inabeba uchafu. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia, nenda gereji siku hiyohiyo.

Pikipiki ni kinyume chake, ihesabie kilomita. Kwa 120 kila siku na siku 26 za kazi, ni zaidi ya 3,000 kwa mwezi. Lita moja tu, gia zinaisaga, vumbi linaingia, na injini inazunguka kwa kasi kubwa kuliko ya gari lako mkiwa barabara moja. Mimi ningemwaga kila kilomita 2,000, yaani kama kila siku 17. Kiwango cha oili kipimwe kila Jumatatu, pikipiki ikiwa wima, si imeegemea stendi ya pembeni. Injini nyingi za bodaboda zinanoki kwa kuishiwa oili, wala si kwa oili mbaya.

Na hapa nikuulize mimi: oili ya pikipiki ananunua nani? Kama ananunua kijana kutoka mfukoni mwake, na pikipiki haiko kwenye mkataba wa kuwa yake, ataivuta hadi 5,000. Usimlaumu. Nunua wewe, imwagwe mbele yako, chupa uitoboe isijazwe oili chakavu na kuuzwa tena.

Kaka wa Nungwi: kwanza ajue kwodi zake ni za aina gani. Ikiwa klachi imo ndani ya oili ya injini, sheria ni ileile ya JASO MA. Ikiwa inaendeshwa kwa mkanda, klachi huenda iko nje ya oili, na giaboksi na difu zina oili zake ambazo wengi husahau hadi ziungurume. Afuate kitabu, si muuza duka. Kilomita asizihesabu kabisa. Kwodi ya watalii inakwenda polepole, inasimama ikiunguruma watu wapige picha. Ahesabu saa. Kwenye mchanga ule ningeanzia saa 50, na chujio la hewa lisafishwe kila jioni, kwani mchanga ukipita pale hakuna oili itakayoutoa kwenye ringi.

Kuhusu kile kilichokuwa kinabaki: injini yako inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Nunua kidumu cha lita 4. Robo lita na kidogo itakayobaki, funga vizuri uiweke kwenye buti, ni ya kuongezea.