Vitabu vya uwekezaji wa thamani: uanzie wapi na uache kipi kwanza

Uwekezaji wa thamani ni kununua hisa chini ya thamani yake halisi. Kosa la kwanza la wageni ni kukimbilia Security Analysis ya Benjamin Graham na David Dodd, waasisi wa fani hii. Kitabu hicho cha 1934 kina kurasa zaidi ya 700, na sura nyingi za mwanzo ni za hati fungani, yaani mikopo yenye riba ambayo wawekezaji huikopesha kampuni au serikali. Wengi hukwama mapema wakadhani fani yenyewe imewashinda. Kiweke kando mwaka mmoja.

Anza na hesabu za kampuni. Usipoweza kusoma mizania (orodha ya mali na madeni) na taarifa ya mapato, vitabu vyote vya uwekezaji vitakuwa hadithi tu. Kitabu cha uhasibu cha sekondari kinatosha kwa mwanzo. Taarifa ya mtiririko wa fedha utaiongezea baadaye.

Kisha soma The Intelligent Investor ya Graham, toleo lenye maelezo ya Jason Zweig. Anza na sura ya 8, inayoeleza kwa nini bei ya soko ni ofa tu ambayo si lazima uikubali, na sura ya 20, ya kununua chini sana ya thamani ili hesabu zako zikikosea usiumie. Hizo mbili zirudie hadi zikuingie.

Hapo kuna mtego. Graham alimwekea mwekezaji mwangalifu kikomo: bei isizidi mara 15 ya faida ya kila hisa. Watu huibeba 15 hiyo hadi masoko ya hisa ya Dar es Salaam au Nairobi kama ilivyo. Hisa ya mara 15 ina faida ya takriban asilimia 6.7 ya bei yake. Ikiwa hati fungani ya Serikali inalipa asilimia 12, kwa kampuni isiyokua unajitwika hatari zaidi kwa malipo madogo. Gawanya 100 kwa 12: unapata mara 8 na kidogo. Hapo ndipo mazungumzo yaanzie, na kila kinachozidi hapo lazima kilipiwe na ukuaji unaoweza kuueleza.

Barua za Warren Buffett kwa wanahisa, kuanzia ya 1977, ziko bure kwenye tovuti ya Berkshire Hathaway, kampuni aliyoijenga kwa uwekezaji wa aina hii. Ukiwa na haraka, soma ya 1986, hasa kiambatisho chake kuhusu faida halisi ya mwenye mali: chukua faida, rudisha uchakavu (kiasi kinachokatwa kwenye faida kwa kuzeeka kwa mitambo, ingawa hakuna fedha iliyotoka mwaka huo), kisha toa fedha inayohitajika kuifanya biashara ibaki pale ilipo. Kampuni yenye faida ya bilioni 10 na uchakavu wa bilioni 3, lakini inayolazimika kununua mitambo ya bilioni 6 kila mwaka, imebakiwa na 7. Masomo ya Aswath Damodaran, profesa wa fedha wa New York anayefundisha kukadiria thamani ya kampuni, nayo ni bure, ila majedwali yake yana namba nyingi za kukisia. Ukibadilisha kiwango cha ukuaji kidogo tu, thamani inaruka.

Margin of Safety ya Seth Klarman ilitoka 1991 na haichapwi tena. Nakala zake ni ghali mno, na fedha hiyo ni bora uinunulie hisa.

Baada ya hapo funga vitabu. Chukua kampuni moja, ripoti zake za miaka 5, uanze na maelezo yaliyo nyuma ya hesabu: madeni, kesi mahakamani, mikopo kwa wakurugenzi. Mwisho tazama hisa ngapi huuzwa kwa wiki. Kwenye masoko yetu hisa ya bei rahisi inaweza kukosa mnunuzi kwa miezi, na hilo Graham hakukuandikia.