Outlander PHEV ya 2013 na ile habari ya betri

Kaka umeuliza kama ni kweli betri ya Outlander PHEV, ile Mitsubishi ya petroli na umeme inayochajiwa kwa waya, ilishawahi kuleta shida. Ni kweli, ila ni stori ya zile za mwanzo kabisa. Machi 2013 huko Japani betri ya Outlander PHEV moja ilichemka mpaka sehemu yake ikayeyuka, Mitsubishi wakasimamisha uzalishaji hadi Agosti, na kosa likaonekana liko kiwandani kwenye betri zenyewe, seli, yaani vile vipande vidogo vinavyounda betri, zilikuwa zinapata mshtuko mkubwa wakati wa kukaguliwa ndo ikaja shoti kwa ndani. Gari zilizokuwa zimeshauzwa ziliitwa zirudi. Kwahiyo ukipata ya miezi ile usilipe kabla hujatumia namba ya chasisi kuhakikisha ilirekebishwa.

Upande wa ajali ipo vizuri, Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaopima usalama wa magari, waliipa nyota 5 mwaka huohuo, ila nyota za 2013 usizilinganishe na za sasa, maana kipindi kile walikuwa bado hawajaanza kupima breki inayojikamata yenyewe mtu akikatiza barabarani.

Na rekodi nzuri ya modeli haikuhakikishii hiyo moja unayoinunua. Mimi nikikagua mtumba wa hivi naanzia chini, betri imelala chini ya sakafu, naangalia kama kava limebonyea, halafu nafuata zile nyaya nene za rangi ya chungwa, nikikuta zimezungushiwa solotepu nyeusi au kuna tope kavu chini ya kapeti, dalili kwamba iliwahi kuingia maji, siendelei hata kama bei ni tamu, ule ni umeme wa volti 300 aisee.