Andika Bei: Maswali na Majibu Kuhusu Matangazo

Nauza madera Kongowea, Mombasa. Naweka picha Facebook na WhatsApp, watu wanauliza "bei gani?", nikiwajibu wananyamaza. Nakosea wapi?

Hukuandika bei. Karibu kila muuzaji anayeniandikia ana ugonjwa huu, nami sitachoka kuusema. Mteja akiona dera halina bei huwaza mambo mawili: ama ni ghali, ama atapangiwa bei kwa sura yake. Wengi hupita bila kuuliza. Yule aliyeuliza naye, ukimjibu baada ya saa mbili, hamu imeshamtoka. Tangazo hujibu kabla halijaulizwa: kitu gani, saizi gani, shilingi ngapi, kiko wapi, kuletewa ni kiasi gani. Andika hivi: "Dera la pamba, saizi huru, Sh850. Soko la Kongowea. Kuletewa kisiwani Sh150." Maswali yatapungua, usiogope, watakaopotea ni wale ambao bei hiyo haikuwafaa tangu mwanzo.

Picha nazo ziwe mbili: dera likiwa limevaliwa, kisha kitambaa kwa karibu mpaka nyuzi zionekane. Piga asubuhi, kivulini. Taa ya duka hugeuza rangi, na mteja aliyeletewa nguo isiyofanana na picha harudi tena. Halafu ujue kwamba status ya WhatsApp huiona mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake naye amehifadhi yako, na hufutika baada ya saa 24. Kwa hiyo mnunuzi akiwa bado yuko mbele yako, hifadhianeni namba kabla hujamfungia mzigo.

Bei ya Sh999 bado inavuta watu?

Inavuta, husomeka kama mia tisa na ushei, si elfu. Lakini kama hurudishi ile shilingi ya chenji, andika 1,000. Kuibakisha ni kumdhulumu mtu.

Nimeona tangazo la simu: lipa Sh3,000, halafu Sh80 tu kwa siku kwa mwaka mmoja. Simu hiyo hiyo taslimu ni Sh21,000. Sh80 si hela ya chai na mahamri?

Ndivyo ulivyotakiwa ufikiri. Neno "tu" limewekwa pale makusudi, na siku imetajwa badala ya mwaka ili akili yako ilinganishe simu na chai, isilinganishe simu na kodi ya nyumba. Piga hesabu ambayo tangazo limeiruka: 80 mara 365 ni Sh29,200. Ongeza 3,000, inakuwa Sh32,200. Umezidisha Sh11,200 juu ya bei ya taslimu. Na kumbuka ulichokopeshwa si 21,000, ni 18,000, maana 3,000 ulizitoa mwenyewe. Kwa hivyo nyongeza ni kama 62 kwa mia ya mkopo, tena deni lenyewe hupungua kila siku unapolipa, kwa hiyo riba yake halisi ni kubwa kuliko hapo.

Simu za namna hii mara nyingi hufungwa kutoka mbali ukikosa malipo. Kabla hujatoa malipo ya kwanza uliza mambo matatu na uyapate kwa maandishi: jumla ya yote ni ngapi, nikichelewa nini hutokea, nikimaliza mapema napunguziwa? Muuzaji asiyetaka kukuandikia jumla, mwache. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inataka kuwe na sheria ya matangazo ya haki, kweli na yenye staha, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Bei kuu ikifichwa nyuma ya bei ya siku, mimi siioni haki hapo.

Ni kweli matangazo hupenyeza picha zisizoonekana ili tununue bila kujua?

Swali hili huja kila mara na jibu ni lile lile: hapana. Mwaka 1957 Mmarekani James Vicary alidai kwamba alimulika maneno ya kuhimiza watu wale bisi na wanywe Coca-Cola, kwa kasi isiyoonekana, katika sinema moja ya New Jersey, na mauzo yakapanda. Mwaka 1962 akakiri mwenyewe kwamba hakuwa na ushahidi wa kutosha. Acheni kuogopa yaliyofichwa, yatazameni yanayofanywa waziwazi. Kurudiarudia ndiko kunakofanya kazi: mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu huanza kupenda kitu kwa kukiona mara nyingi tu. Leso za kampuni ya Kaderdina Hajee Essak zimebeba chapa ya "Mali ya Abdulla" vizazi na vizazi, na bado kuna mama ataigeuza leso atafute jina hilo kabla hajauliza bei. Lile jina limejengwa kwa ubora na kwa kurudiwa. Bidhaa mbovu nayo hurudiwa hivyo hivyo, basi kulizoea jina kusiwe ndiyo sababu yako ya kununua.

Duka la dawa laweza kutangaza ofa ya maziwa ya kopo ya mtoto mchanga?

Haliwezi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu maziwa yanayochukua nafasi ya maziwa ya mama imekataza.

Nimeletewa ujumbe kwamba nimeshinda, nitume ada kwanza.

Zawadi hailipiwi. Usitume hata shilingi, na PIN usimtajie mtu.

Nataka stika nyuma ya tuktuk za Likoni. Niandike nini?

Maneno yasizidi saba, na namba moja ya simu, si tatu. Kwa herufi za kusomeka bila taabu, kadiria sentimita 1 ya urefu kwa kila mita 1.2 ya umbali. Dereva aliye mita 6 nyuma kwenye foleni anataka herufi za sentimita 5. Bango la ng'ambo ya barabara, mita 60, linataka sentimita 50. Weusi juu ya manjano husomeka haraka. Nyekundu juu ya buluu hutetemeka machoni. Orodha ya huduma kumi na mbili isiingie humo, hakuna atakayeisoma. Na jua la huku hufifisha nyekundu mapema, kwa hiyo mwambie mchapaji aweke juu yake plastiki ya kukinga jua, na namba ya simu iandikwe kwa wino mweusi.