Mzizi na fangasi wanaongea kweli, ila mmea ukishiba fosforasi unanyamaza

Mkuu umeuliza mambo mawili, kama kweli mizizi na fangasi wa mikoraiza (wale wanaoishi ndani ya mizizi na kuupa mmea fosforasi) wanawasiliana au ni maneno ya wauza mbolea tu, halafu kwa nini ule unga wa fangasi uliochanganya na DAP (mbolea yenye fosforasi nyingi) kwenye miche haujaonyesha kitu. Jibu la yote mawili ni njaa ya fosforasi.

Kazi yangu ni kuandaa mizizi kwa ajili ya hadubini, unaipasha kwenye potashi kali mpaka iwe nyeupe, unaitia wino na siki, unaangalia nyuzi za fangasi ndani yake. Mmea uleule ukitoka kwenye udongo wenye fosforasi kidogo unakuta mizizi imejaa nyuzi na vile vijiti vyenye matawi ndani ya seli (arbaskuli), ila uliolishwa fosforasi nyingi mara nyingi unakuta karibu hamna kitu, na fangasi waliwekwa vilevile.

Iko hivi, mmea ukikosa fosforasi mizizi inamwaga kemikali zinaitwa strigolaktoni, kidogo sana, na zinavunjika haraka udongoni kwaiyo haziendi mbali. Hapo ndo uzuri wake, fangasi akizihisi anajua mzizi ulio hai uko jirani kabisa, basi anaongeza kasi ya kupumua na nyuzi zake zinachipua matawi mengi kuutafuta. Hilo la matawi lilionyeshwa na watafiti wa Japani mwaka 2005. Ila kemikali zenyewe zilijulikana tangu 1966 kwa sababu ndo zinazoamsha mbegu za kiduha, yaani lile gugu linasikiliza mazungumzo yasiyolihusu na kuja kunyonya, na karibu miaka 40 watu hawakuelewa kwa nini mmea umwite adui yake mwenyewe. Mimi hiki kipande huwa sichoki kukisimulia.

Fangasi naye anapiga hodi kwa vipande vifupi vya kitini (kitu kinachojenga ukuta wa seli zake), vya sukari nne au tano, na vingine vimebandikwa mafuta. Sasa kitini iko pia kwenye fangasi wa magonjwa, vipande virefu vinaamsha kinga, ila hivi vifupi vinafanya kalsiamu ipande na kushuka kwa mapigo ndani ya kiini cha seli ya mzizi, kuna protini inaitwa CCaMK inasoma hayo mapigo na kuwasha jeni za kumpokea mgeni. Mikunde inatumia njia hiyohiyo kupokea bakteria wa naitrojeni, ila ushirika na fangasi ni wa zamani zaidi, mabaki yake yako kwenye miamba ya Rhynie kule Scotland, miaka kama milioni 407 iliyopita. Na seli inamjengea fangasi njia ya kupita kabla hajaingia!

Akishaingia bado wanapimana. Anatoa fosforasi, mmea unampa sukari na mafuta, na mwaka 2017 ilithibitika kwamba fangasi hana mtambo wa kujitengenezea mafuta ya msingi, anategemea mmea kabisa. Mmea ambao jeni yake ya kupokea hiyo fosforasi imeharibiwa, arbaskuli zinakufa mapema.

Kwaiyo kwa miche yako, pima kwanza fosforasi ya udongo, kama ipo ya kutosha mmea hauna sababu ya kuita na unga wako utakaa bure. Kama ni kidogo, weka fangasi karibu na mizizi na punguza DAP, usimwage yote mwanzoni. Kabichi na sukuma wiki achana nazo, jamii yao haishirikiani na fangasi hawa. Na usihukumu kwa ukubwa wa majani peke yake, udongo mwingi una fangasi wake tayari, toa mizizi michache baada ya wiki kadhaa uitie wino uone ndani, na acha mche mmoja bila unga wa kulinganishia.